Msokoto wa Mkono wa Kulia

"Hivi shoga, kweli mtu anakwenda chuo kikuu kusomea maharage?"

Swali hilo aliliuliza jirani, msusi wa nyumba ya pili, akiwa amesimama mlangoni na kitana kimechomekwa kichwani kama bendera. Alikuwa ametaka kujua binti wa nyumba ile anasoma nini, akajibiwa protini. Na protini aliyoijua yeye ni ile ya bango la zahanati: maharage, mayai, samaki na kipande cha nyama.

Mama Kidoti hakuwa mtu wa kurukia neno. Alikuwa na sketi ya shule chini ya sindano ya cherehani, na alimaliza kwanza rinda lililokuwa mbele yake. Aliishia shule ya msingi, na tangu hapo elimu yake ilikuwa cherehani, sala na kuangalia watu.

Aliyejibu ni Kidoti mwenyewe, aliyekuwa sakafuni katikati ya waya wa shaba na vifungo vya nguo. Jina hilo alilipata kwa sababu ya doa jeusi kwenye shavu la kushoto, na mtaa mzima ulishasahau kwamba ana jina lingine.

"Mama mdogo, hebu nikuulize na mimi. Hizo nywele unazozisuka kutwa nzima ni nini?"

"Ni nywele. Unanichezea?"

"Ni protini."

Msusi akautoa mkono kiunoni. "Za kwangu au za bandia?"

"Za kwako. Za bandia nyingi ni plastiki. Sasa sikiliza. Ukizipiga pasi zikanyooka, mvua ikinyesha zinakuwaje?"

"Zinarudi kujikunja, na mteja anarudi kunitukana."

"Kwa sababu pasi inavunja vile vishikizo dhaifu tu, na maji yakiingia vinajifunga upya. Lakini ile dawa yako inayonuka kama yai viza?"

"Ile mvua haiiwezi!"

"Haiiwezi. Ile inafungua vifungo vya salfa, vile vya nguvu. Unazipinda nywele kwenye roli, unatia dawa ya pili, vifungo vinafungika kwenye mkao mpya. Mama mdogo, wewe miaka yote hii unafanya kemia ya protini, tena kwa vitendo."

Msusi alimtazama Mama Kidoti, akamtazama Kidoti, kisha akajishika kichwa kwa mikono miwili kama mtu aliyegundua amebeba dhahabu bila kujua. "Kumbe! Na mimi naitwa msusi tu! Kuanzia leo bei inapanda." Akaondoka akicheka, na sauti yake ikasikika mpaka barabarani ikimwambia mtu mwingine kwamba nywele si nywele.

Mama Kidoti alicheka naye, lakini jicho lake moja lilibaki kwa mwanawe. Alijua kilicho nyuma ya ule waya. Mwaka uliopita baba alifariki juma la mitihani. Kidoti alikwenda akakaa kwenye kiti, macho yakiwa kwenye karatasi na moyo ukiwa makaburini, akaanguka somo hili la protini. Alipewa nafasi ya kurudia, na kanuni ya chuo haikuwa na huruma wala hila: anayeanguka mara ya pili anaondoka kwenye shahada ya kemia. Mtihani wa kurudia ulikuwa kesho yake mchana.

Na mwalimu aliyekuwa akimngoja alikuwa na utaratibu wake wa peke yake. Wanafunzi walimwita Mwalimu Kwanini, mgongoni pake bila shaka. Hakutoa karatasi ya maswali. Kila mwanafunzi alitakiwa kutengeneza kwa mikono yake mfano wa kipande cha protini, asimame nao mbele, aeleze umbo lake na kazi yake. Tena aje na mtu mmoja wa nyumbani ambaye hajasoma kemia. Mwanafunzi akimaliza kusema, mwalimu humgeukia yule mtu wa nyumbani na kumuuliza ameelewa nini. "Usichoweza kumweleza aliyekulea," alizoea kusema, "hujakijua. Umekikariri."

Kwa hiyo na Mama Kidoti alikuwa na mtihani.

"Nianzie wapi tena?" aliuliza, akipunguza mwendo wa pedali.

"Kila kifungo hapa ni asidi amino moja."

"Asidi. Ile ya betri?"

"Mama! Siyo ya betri. Hii ni mpole. Ziko aina aina, kama vifungo kwenye kopo lako. Kubwa, ndogo, zinazopenda maji, zinazoyakimbia maji kama paka. Ukizitunga kwenye mstari unapata mnyororo. Lakini mnyororo uliolala tu haujawa na kazi. Lazima ujikunje. Mwingine unajisokota, mwingine unajilaza marinda."

Cherehani ilisimama. "Marinda?"

"Marinda kabisa. Kama hiyo sketi. Hariri iko hivyo. Ya nywele ndiyo ya kujisokota."

Mama Kidoti aliishika ile sketi kana kwamba imemtamkia jina. Alishona marinda tangu mwanawe hajazaliwa, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba Mwenyezi Mungu naye anakunja marinda, tena madogo yasiyoonekana. Aliona mwili unamsisimka. "Endelea," alisema. "Endelea, mwanangu, usisimame hapo."

Kidoti aliendelea, uso ukimwaka. Alimwonyesha jinsi alivyosokota mnyororo wa kwanza kwa kufuatisha picha ya simuni, jinsi alivyokuwa akisokota wa pili vilevile, na jinsi alivyopachika ubavuni mwa kila mmoja vile vifungo vya chuma vya kubana, vile vinavyolia tak ukivifunga. Hivyo ndivyo vifungo vya salfa. Minyororo ikisimama bega kwa bega, vifungo vinapaswa kukutana na kufungana. Ndiyo maana unywele unavutika bila kukatika, na ukiuachia unarudi.

"Na msokoto wenyewe ni wa mkono wa kulia," alisema Kidoti, akitamka kila neno kama kiapo. "Hilo mwalimu lazima aulize."

"Mkono wa kulia," alirudia mama yake. Katika sala zake jioni ile, baada ya kumwombea marehemu, alimtajia Mungu na hilo pia.

Vifungo vya kubana vilikuwa vimebaki kufungwa tu. Kidoti alisema atavifunga mbele ya mwalimu, vilie tak mbele ya watu wote, ili apate kishindo.

Kesho yake walikaa kwenye benchi la korido, nje ya chumba cha mtihani. Korido ilikuwa na harufu ya spiriti na ya sakafu iliyodekiwa sasa hivi. Ndani alikuwamo mwanafunzi mwingine. Sauti yake ilipita chini ya mlango ikipanda na kushuka. Pembeni yao alikaa kijana mmoja wa darasa la Kidoti, wenzake wakimwita Spidi kwa jinsi alivyoongea, pamoja na kaka yake, fundi makanika, aliyevaa shati safi lakini mifuko ya suruali ilikuwa imejaa vyuma.

"Shikamoo mama," alisema Spidi. "Mama usiogope, huyu mwalimu hali watu. Anawatafuna tu, halafu anawatema, halafu anauliza kwa nini mmetemwa."

"Marahaba. Nyamaza basi, utamtia mwenzio kiwewe."

Kidoti hakusikia hata neno. Midomo yake ilikuwa ikicheza. Mama yake, ili apoze moyo, aliomba simu aangalie tena ile picha. Kidoti alikuwa amejipiga katika maabara, kamera imemgeukia mwenyewe, akicheka, na nyuma yake kwenye rafu uko mfano wa zamani wa idara, ule aliousokota kwa kuufuatisha. Mama Kidoti aliisogeza picha karibu. Alikuwa na tabia ya kuangalia uso wa mwanawe kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

"Ee," alisema taratibu. "Picha imekukosea."

"Nini, mama?"

"Doa lako. Hapa liko shavu la kulia."

Kidoti alitabasamu bila kugeuka. "Ni kamera ya mbele, mama. Ni kama kioo, inageuza ku..."

Neno lilimkatikia mdomoni. Aliinyakua simu. Aliutazama mfano ulioko nyuma yake kwenye picha, akautazama mnyororo ulioko mapajani, kisha akauinua mkono wake wa kulia, dole gumba juu, vidole vimekunjwa, akaufuatisha kwenye waya. Vidole vilikwenda huku, waya ukaenda kule.

"Mama." Sauti ilikuwa nyembamba kama uzi. "Nimesokota kushoto. Yote miwili. Usiku na mchana mdomo unasema kulia, mikono inasokota kushoto!"

"Ipindue basi," alisema Spidi. "Iweke kichwa chini, miguu juu. Imeisha hiyo."

"Haipinduki!" alisema Kidoti. "Hata ukiisimamisha kwa kichwa ni ileile."

"Kweli kabisa," makanika akaitikia. "Skrubu igeuze unavyotaka, inaingia upande uleule. Mdogo wangu, chuo wanakufundisha nini?"

Kidoti alikuwa ameshaanza kulia, lakini mama yake aliona kitu kingine kikipanda usoni mwake nyuma ya machozi, na akakikimbilia kabla hakijazima. Aliitandaza kanga yake sakafuni. "Kaa. Tunafumua."

"Mama, wataniita sasa hivi."

"Nguo ya harusi nimewahi kuifumua bibi harusi yumo ndani yake. Kaa, nimesema."

Wakakaa sakafuni, wote wanne. Mama Kidoti alishika ncha, Kidoti akanyoosha waya, Spidi akakamata vifungo vilivyochomoka na kuvipanga kwa rangi, mara hii bila kusema neno, ajabu ya dunia. Walipohitaji kitu chembamba cha kusokotea, makanika alichomoa bisibisi mfukoni, akaifuta kwa shati lake safi.

"Nilijua tu," alisema. "Nilijua iko siku bisibisi yangu itasoma chuo kikuu."

Waya ukaanza kupanda kwenye bisibisi. Kulia, kulia, kulia. Kidoti alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, vidole vinakimbia, na kila mzunguko mama yake aliuangalia kwa mkono wake mwenyewe, dole gumba juu, kama alivyomwona mwanawe akifanya. Watu waliopita koridoni waliwakwepa. Mmoja alitaka kuuliza, akaona nyuso zao, akaghairi.

Mnyororo wa kwanza ukakamilika. Ulisimama vizuri kuliko hata mwanzo. Kidoti akaunyakua wa pili, na hapo hapo mlango ukafunguka.

"Anayefuata."

Mama Kidoti aliinuka na kanga yake, vifungo vya akiba vikimwagika. Mnyororo mmoja sahihi, mmoja wa kushoto. Mwanawe alimtazama, na macho yake yalikuwa yanauliza bila kusema: nifiche huu?

"Utasema ulichofanya," alisema mama yake kwa sauti ya chini. "Twende."

Chumba kilikuwa kidogo, chenye meza ndefu, ubao na dirisha lisilofunguka. Mwalimu Kwanini alikuwa mtu mfupi, mwenye sweta lililochanika kiwiko. Mama Kidoti alilishona kichwani mwake kabla hajakaa. Mwalimu alisikiliza akiwa amefumba macho. Kidoti alianza na vifungo, akaenda kwenye mnyororo, akafika kwenye msokoto, na sauti yake ikawa inapata miguu. Kisha akaiweka minyororo yote miwili mezani.

"Mwalimu, huu ni sahihi. Huu nimekosea. Nilifuatisha picha niliyojipiga kwa kamera ya mbele, imeugeuza mfano kama kioo. Nimegundua hapo nje, nikawahi kurekebisha mmoja tu."

Mwalimu alifumbua jicho moja. "Kwa nini ni kosa? Msokoto ni msokoto."

"Tazama vifungo vya salfa." Kidoti aliisogeza minyororo bega kwa bega. Kifungo kimoja kilikutana na mwenzake. Vingine vilitazama pembeni, kama watu waliokosana kanisani. "Haifungani. Isipofungana hakuna nguvu, na pasipo nguvu huo si unywele."

"Hilo ni matokeo. Mimi nauliza sababu. Kwa nini mwili usokote kulia?"

Mama Kidoti alizishika mbao za kiti. Mwanawe alivuta pumzi.

"Kwa sababu asidi amino za protini zetu zina mkono mmoja, tunauita wa kushoto. Zikipanda ngazi inayozunguka kulia, kila moja inapata nafasi ya kunyoosha nje pembe yake, yaani tawi lake la ubavuni. Ukizilazimisha kuzunguka kushoto, zile pembe zinagongana na uti wa mgongo wa mnyororo. Zinabanana. Kwa hiyo mnyororo mrefu haukai hivyo."

"Na kwa nini zote zina mkono mmoja?"

Mama yake alimwona Kidoti akitafuta, akigeuza kichwa huku na huku kama mtu aliyeangusha sindano, kisha akaacha kutafuta.

"Sijui, mwalimu. Nilivyosoma, hata wataalamu wakubwa bado wanabishana."

Mwalimu Kwanini alifumbua macho yote mawili. Akausukuma ule mnyororo wa kushoto kuelekea kwake. "Usokote. Hapa, mbele yangu."

Lo! Kidoti hakungoja kuambiwa mara mbili. Bisibisi ya makanika ilikuwa bado mkononi mwake. Aliingia nayo mtihanini bila kujua. Akafumua, akanyoosha, akaanza kupandisha. Sasa hakutazama picha wala karatasi. Alisokota na huku anasimulia, hiki kifungo kinapenda maji kinakaa huku nje, hiki kinaogopa maji kinageukia kwa mwenzake, na mikono yake ikaenda sawa na mdomo wake. Mwalimu akainuka kitini bila kujijua, akaegemea meza kwa viwiko, na tundu la sweta likapanuka. Mama Kidoti naye alikuwa ameshasimama. Kidoti akaisogeza minyororo bega kwa bega, akabana.

Tak.

Akateremsha kidole. Tak. Tak. Vifungo vyote vikakamatana, chini mpaka juu. Akashika ncha mbili akavuta: ikarefuka, ikakakamaa. Akaachia: ikarudi yenyewe, inatetemeka mezani kama kitu chenye uhai.

"Haya!" alisema Mwalimu Kwanini kwa sauti ambayo pengine hakuikusudia. Kisha akakohoa, akajirudishia heshima yake, akamgeukia Mama Kidoti.

"Mama, shikamoo. Umesimama, basi ni vyema. Binti yako alikosea nini, na kosa lilikuwa na ubaya gani?"

Yale maneno ya sala na ya korido yote yalimkimbia Mama Kidoti. Yakabaki anayoyajua.

"Marahaba. Mwalimu, mimi nashona. Ukinipa vipande vyote vya shati, kitambaa kizuri, uzi mzuri, halafu nikashona mkono wa kulia kwenye bega la kushoto na wa kushoto kwenye la kulia, hakuna kilichopungua. Vipande ukivihesabu vimo. Lakini mtu akilivaa hawezi hata kuinua kijiko. Mwanangu hakupunguza kitu. Aligeuza mkao. Na nilivyomsikia mimi, kazi inatoka kwenye mkao."

"Kwa nini?"

"Aa, mwalimu. Hapo kitambaa changu kimeishia."

Mwalimu alicheka. Alicheka hasa, mabega yakitikisika, mpaka akavua miwani. Nje ya mlango Spidi alisikika akimuuliza kaka yake, "Umesikia? Anacheka! Huyu anacheka?"

Kidoti hakucheka. Alisimama mikono imeshikana mbele, na mama yake aliona jinsi kidole kimoja kilivyokuwa kimechubuka kwa waya.

"Binti," alisema mwalimu, akirudisha miwani, "nimewaona wanaoleta mifano mizuri wasijue kwa nini ni mizuri. Wewe umeleta kosa, ukajua lilipo, ukajua lilivyo kosa, na uliposhindwa ukasema umeshindwa. Umepita. Umepita vizuri. Unabaki kwenye shahada yako."

Kidoti alifunika uso. Bisibisi ikaanguka sakafuni, ikabingirika mpaka chini ya meza, na hakuna aliyeinama kuiokota.

"Mama, unalo la kuongeza?" aliuliza mwalimu.

Mama Kidoti alifungua mdomo. Alikuwa na mengi: ya marehemu, ya mwaka ule, ya cherehani, ya jinsi mtoto alivyokuwa haingizi chakula mdomoni.

"Mwalimu," alisema.

Lakini machozi yalikuwa yameshafika, na yeye hakuwa mtu wa kulia mbele ya watu; machozi yake alikuwa na Mungu wa kumpelekea. Akamshika mwanawe bega akaliminya, akakaza kanga yake kiunoni, akafungua mlango, akawapita Spidi na kaka yake waliokuwa wametega masikio, akatoka nje.